Koili ya Tatu, Kutoka Katandala hadi Msanzi

Tuliondoka kwa sababu dada yangu Adela alikuwa anaweka nadhiri za utawa Msanzi saa nne asubuhi. Baba alishafariki, mama ndiye angemshika mkono hadi altareni.

Saa moja tuliwasha gari la mjomba pale Katandala. Lilitetemeka kama mtu mwenye homa. Jana yake mjomba alikuwa ameliosha mpaka ndani ya boneti, kwa heshima ya sherehe. Fundi jirani akaamua: injini ishushwe.

"Amejuaje bila kupima?" niliuliza.

"Msomi, panda. Utabishana njiani," mjomba akasema.

Tulipofika kijiji cha Pito, likashindwa kupanda kilima. Mama alishika rozari.

Nilifungua boneti. Injini ile ina koili nne, kila moja ikiipa plagi yake cheche ya kuwasha mafuta. Huku injini ikiunguruma, nilichomoa soketi ya koili ya kwanza. Mtetemo ukazidi, nikairudisha. Ya pili, vilevile. Ya tatu, hakuna kilichobadilika. Ya nne, ukazidi tena.

"Basi, koili ya tatu!" mjomba akasema.

"Bado. Huenda ni plagi."

Nilizima injini, nikabadilisha nafasi za koili ya kwanza na ya tatu, nikawasha na kuchomoa soketi moja moja tena. Sasa palipokufa ni pa kwanza. Ubovu ulikuwa umehama na koili. Niliitazama vizuri: ina ufa, na maji yameingia.

Mzee mmoja alitoka shambani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mnachinja gari?"

Tulipomweleza, alicheka, akatupeleka uani kwake. Kuku walikuwa wanalala ndani ya gari kama letu. "Hili limekufa gia tu. Chukueni koili, mama asichelewe."

Nilifunga koili ile, gari likatulia, na saa nne kasoro dakika chache tukawa Msanzi. Mama alimshika Adela mkono, wakatembea taratibu katikati ya vigelegele. Baadaye akainyanyua mikono yangu myeusi kwa grisi mbele ya shangazi zangu: "Hii ndiyo imenifikisha." Sikuificha.

Kesho yake tulipata koili mjini, nikaenda Pito kurudisha ya yule mzee. Akanionyesha gari lake.

"Na gia je, fundi?"

Zamani ningebuni jibu. Safari hii nilikuwa nimeona thamani ya kutosema kabla ya kupima.

"Gia sizijui, baba."

Akanipa spana. "Haya, tufungue tuone."