Lori la Wanunuzi

Juzi stendi mtu alikaa karibu nami, koti lake likinuka msokoto wa tumbaku, na nikamkumbuka baba.

Tulilima tumbaku kule upande wa Lusewa. Wanunuzi binafsi walikuwa wameanza kuingia kijijini, kila mmoja na mizani yake, na baba hakumwamini mgeni yeyote mwenye viatu safi. Mvua zilipoanza, nesi mpya wa zahanati alikuja kumwona mdogo wangu, aliyekuwa akikohoa. Baba alikuwa anavuta humo humo ndani.

"Shikamoo baba," alisema nesi. "Moshi huo unamuumiza mtoto. Naomba uwe unavutia nje."

Baba alivitazama viatu safi vya nesi. "Nani amekutuma?"

"Natoka zahanati, baba."

"Siyo wanunuzi? Leo moshi mbaya, mwakani mtasema tumbaku yenyewe mbaya, ili bei ishuke."

Mama alimpepea mtoto kwa ncha ya khanga.

Nesi alipoondoka, baba alinituma nimfuate nione gari lililomleta. Halikuwepo. Alikuwa anakanyaga tope pekupeku, viatu kavishika mkononi. Nilirudi nikamweleza baba.

"Wamelificha mbele," alisema.

Jioni ile alichukua msokoto wake, akatoka, akasimama mvuani. Mama alimuuliza anatafuta nini huko.

"Naangalia kama lori la wanunuzi linakuja."

Msimu mzima wa mvua alitoka kila jioni na msokoto wake kuliangalia lori hilo. Mama hakumwambia hata siku moja kwamba barabara haipitiki.