Zege la Siku ya Idd

Ijumaa nilipita Msimbu, Kisarawe, kumwona fundi anayejenga madarasa ya shule. Nilimkuta amekalia tofali, anasoma daftari la binti mmoja wa chuo binafsi cha uhandisi kule Kibaha. Binti yuko fildi, na bila saini ya fundi wiki yake haihesabiki. Alisimama kando, rozari shingoni, kofia ngumu kichwani na nailoni ya dukani bado haijabanduliwa.

Fundi alikuwa anasoma kwa kidole. Kidole kikasimama.

"Injinia, hapa umeandika Jumatano ulimwaga zege la nguzo."

"Ndiyo, fundi."

"Na nani?"

"Na... nyie."

"Jumatano ilikuwa Idd, mwanangu. Zege tulimwaga Jumanne. Mimi nilitoka kuswali nikaja hapa na kanzu yangu kumwagilia hizi nguzo. Ungekuwepo tungepeana mkono wa Idd."

Vibarua wakageukia ukutani kucheka. Binti akavua kofia.

"Samahani, fundi. Niliandikia hosteli."

"Zege linamwagiliwa siku ngapi?"

"Saba," akajibu haraka, kama yuko kwenye mtihani.

"Safi kabisa. Leo ya tatu. Ndoo ile pale."

Akaifuta Jumatano, akakunja suruali. Ninaondoka, viatu vyake vimelowa chapachapa na saini bado hajapata.

Nina kiwanja Pangani, pale Kibaha. Nikianza kujenga nitamtafuta huyu binti. Ila kwanza nitamuuliza fundi kama Jumapili alimwona na ndoo.