Ushuhuda Wangu Juu ya Baba Mdogo

Mwezi uliopita niliingia duka moja la Waafrika pale Morse Road, hapa Columbus, Amerika, kutafuta sombe, yale majani ya mhogo, na samaki wakavu. Mwenye duka alikuwa amewasha kijiti cha ubani karibu na mashine ya kulipia. Haki ya Mungu, niliacha kikapu chini nikatoka, nikaenda kukaa ndani ya gari, madirisha wazi, na baridi ile! Mtu mzima mwenye watoto wawili. Acheni niwaeleze ninyi, maana nyumbani kwangu sijamwambia mtu.

Nilikuwa na miaka kumi, tunakaa mtaa wa Beechmont, mjini Louisville. Tulikuwa wanne: baba, mama, mimi, na Baba Mdogo Zakaria, mdogo wake baba wa tumbo moja, aliyelala sebuleni kwenye kochi. Kwetu milimani, Kivu, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Hapa alipanga maboksi kwenye ghala. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini aliwasha kijiti kimoja cha ubani, akaketi wima kwenye kiti cha plastiki akielekea dirishani, macho kafumba, robo saa nzima bila hata kujikuna pua. Mimi nilikuwa mlinzi wake. Kazi yangu ilikuwa kuzuia kelele, na niliringa nayo kweli kweli.

Mtu mwenyewe hakuwa na makuu. Alicheka akiziba mdomo kwa sababu ya pengo, na kanisani aliimba sauti ya pili vizuri kuliko wote. Ila nyama alikuwa ameacha, na kwa sisi watu wa ng'ombe hilo lilikuwa kama tusi. Mama alimpikia maharage yake sufuria ya pembeni huku akinung'unika.

Siri yake ilikuwa kitabu cha Kifaransa kilichong'oka jalada, alichopewa kwenye kambi ya wakimbizi na mzee mmoja kabla hajafariki. Kilieleza habari za watu wa mwanzo wa teosofia, zaidi ya miaka mia iliyopita, walioamini kwamba dini zote zina chanzo kimoja, na kwamba wako Walimu wakuu nyuma ya milima ya theluji wanaowaongoza wanadamu kimyakimya. Baba Mdogo alimpenda mmoja tu humo, kijana wa Kihindi aliyeacha utajiri na heshima ya ukoo wake akawa mwanafunzi wa Walimu hao. Kijana huyo aliandika barua na kupanga makaratasi kutwa nzima, kifua kikimsumbua, mpaka siku aliyopanda milimani kumtafuta Mwalimu wake, asirudi tena. Humo kitabuni mlikuwa na picha ya Mwalimu mwenye kilemba na macho makubwa. Nilimuuliza Baba Mdogo kama yeye pia anaye wake. Akasema pengine anaye, ila hajamwona. Anakaa tu ili siku Mwalimu akija amkute ametulia. Nikauliza, na Yesu je? Akacheka, akasema Yesu hajawahi kumkataza mtu kunyamaza.

Mwaka ule mimba ya mama iliharibika, ya tatu tangu tufike Amerika. Wamama wa maombi walikuwa wakikusanyika kwetu kila Jumapili mchana, na kiongozi wao, Mama Mtumishi, alianza kusema kuna mtu amefunga tumbo la mama, na mtu huyo anakula naye sahani moja. Baada ya maombi kulikuwa na ushuhuda. Hata watoto walisimama. Binti mmoja wa rika langu aliwahi kusema ameota malaika, akapigiwa vigelegele mara tatu, akapewa na Fanta. Mimi sikuwa na cha kusema, na liliniuma sana.

Jumapili moja, Baba Mdogo akiwa kazini, nilisimama.

"Baba mudogo iko na Mwalimu mwingine, mwenye haiko Yesu," nikasema. "Anamuitaka na moshi kila asubuhi. Picha yake iko chini ya kochi."

Nilijua naongeza chumvi. Alikuwa ameniambia anangoja tu, hakuniambia anaita. Lakini walinitazama wote, kila jicho juu yangu, na nilisikia raha mpaka kwenye vidole.

Mama Mtumishi alikitoa kitabu kwa mpini wa ufagio, hakutaka kukigusa. Walikichoma nje kwenye jiko la kuchomea nyama. Vigelegele nilivipata, na Fanta nikapata. Baba hakuamini lile jambo, lakini mama alilia siku mbili akisema bon, basi, baba achague, yeye au ndugu yake. Siku ya tatu baba alimpeleka mdogo wake Columbus kwa binamu yao. Baba Mdogo hakuuliza nani amesema. Habari zilimtangulia kwa simu, hata Columbus hakuna aliyetaka kula naye, na baada ya miezi michache alipanda basi kwenda Buffalo, ambako hakuwa na mtu.

Mwaka uliofuata mama akazaa mtoto wa kiume. Walimwita Ushindi. Mnaona nilivyofungwa? Tangu hapo nani angenisikiliza kama ningesema nilidanganya, na ushahidi wenyewe unatambaa sebuleni?

Mwaka juzi niliendesha gari mpaka Buffalo kukiri. Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno. Nilimkuta mzee, mvi kichwa kizima, anafanya usafi kwenye nyumba ya wazee. Alinipokea kwa furaha iliyoniumiza, akanipa chai. Kabla sijafungua mdomo akauliza yule mtoto aliyesikia kwa watu kwamba walimzaa baadaye aliitwa nani. Nikamwambia. Akaniongezea chai.

"Ni jina nzuri," akasema. "Nilikuwa namuombea kila asubuhi pale kwa dirisha, azaliwe muzima. Donc, basi, ambia mama yako nilimusamehe zamani. Alikuwa mugonjwa, aliniogopa tu, ndiyo maana alinisemea kwa wamama."

Miaka yote ile nikimlinda mlangoni, sikujua alikuwa akimwombea mama yangu. Na miaka yote ile yeye alidhani ni mama.

"Ndiyo, Baba Mdogo," nikajibu. "Nitamuambia."

Sijamwambia. Nikimfikishia mama msamaha huo, atauliza wa kosa gani. Yule mtoto wa miaka kumi labda mtamwonea huruma, na mimi siku nyingine humwonea. Lakini aliyejibu pale Buffalo alikuwa na miaka thelathini na mmoja. Baba Mdogo bado yuko hai, na namba yake ya simu ninayo.