Kikombe changu cha bati na loshoro ya mama mkwe

Wakuu, salama? Haya ni ya kweli kabisa, mke wangu ameyapitia kabla sijapost. Sehemu moja tu amenikosoa, mtaiona.

Nina homa ya ini B, ile ya kudumu, mwaka wa nne sasa. Aliyejua ni mke wangu tu.

Daktari alishaniambia B haipiti kwenye kikombe wala sahani. Mimi mbishi. Nikanunua kikombe cha bati, kila niendako ninacho, nisije nikaambukiza watu.

Ukweni Kisongo kikanichafulia jina. Wakasema naogopa kulogwa.

Mwezi uliopita tukaenda kumsalimia mama mkwe. Nikampa shikamoo, akaitikia huku anaangalia mfuko wa koti langu. Ikaletwa loshoro, yale mahindi na maziwa mgando, kakoroga mwenyewe. Kibuyu kimoja, watu wote.

Akaniuliza taratibu, "Baba Neema, leo unakunywa kama mtoto wangu au kama mgeni?"

Ungekuwa wewe ungefanyaje? Kikombe kikabaki mfukoni. Nikakishambulia kibuyu.

Siku ya tisa shemeji akapiga simu. Mama macho yamekuwa ya njano, hospitali wamesema ni homa ya ini. Mke wangu kwa hofu akaropoka siri yangu. (Hapa ndipo aliponikosoa. Anasema hakuropoka, alieleza.) Hata saa moja haikuisha, ukoo ukanihukumu: nimemuua mama.

Nikakimbilia kliniki. Daktari wangu akapiga simu hospitali anakotibiwa mama, akacheka, halafu akaacha kucheka.

"Ya mama ni A, inapita kwenye chakula, maji na mikono michafu. Hajaipata kwako, na wengi hupona. Ninayemhofia ni wewe. Ini lako tayari linaumwa, likipata A juu yake linaweza kugoma kabisa."

Akachukua damu kuangalia kama nina kinga ya A. Kama sina, nichanjwe haraka.

Siku mbili za kusubiri majibu sikula. Niliogopa, wakuu. Nilikuwa namwangalia Neema akifanya homework, machozi yananilenga.

Majibu yakaja: kinga ninayo, tena ya zamani.

"Umekulia wapi?"

"Nduruma."

"Maji mlikunywa ya wapi?"

"Ya mfereji, sisi na ng'ombe."

"Basi uliugua utotoni bila kujua."

Yaani miaka minne nimebeba kikombe kwa ajili ya ugonjwa usiopita kwenye kikombe. Siku nilipokiacha mfukoni, nikakutana na unaopita. Wenye ini bovu wenzangu, pimeni kinga ya A, na msio nayo ulizieni chanjo. Msitegemee mfereji wa Nduruma.

Mama amepona. Jumapili tulipofika alininawisha kwa sabuni mpaka kwenye viwiko. Ukutani kuna misumari miwili, na kila mmoja una kikombe cha bati. Akanionyesha kimoja.

"Daktari kanieleza. Kumbe mimi ndiye ningekuua. Hiki chako, kile changu, vitakaa hapa. Mtoto wa nyumba hatembei na kikombe."

Nikajifanya naangalia ng'ombe.

Nani mwingine ukoo ulishamhukumu kabla majibu hayajatoka? Funguka hapa, hatukucheki. Sana.