Mkanda Umebakiza Vidole Vinne

Baba yangu alikuwa mwalimu wa jiografia ambaye hakuwahi kuiona volkano kwa macho yake. Kwetu Kanazi kuna migomba na kahawa, basi, kwa hiyo volkano alitufundishia kwenye mgomba. Alisema ua la mgomba halianzii kule juu tunakoliona. Linaanzia chini kabisa kwenye kisiki, linapanda ndani ya shina siku nyingi bila mtu kujua, na asubuhi linapochomoza, safari yake imekwisha. Volkano nayo ni hivyo hivyo: uji wa moto unapanda kimya kimya, na huko juu watu wanapalilia maharage. Wenzangu darasani walicheka. Mimi tangu siku ile niliogopa kupita kibanjani, katikati ya migomba yetu, peke yangu.

Kamera aliinunua kwa askari aliyerudi kutoka vitani Uganda. Majirani walitegemea awapige picha za ubatizo na za misiba, na miaka ile misiba haikuwa na likizo. Yeye akamalizia mikanda yake kwenye ua moja la mgomba nyuma ya jiko. Kila asubuhi picha moja, kutoka jiwe lile lile, baada ya kusubiri jua livuke paa. Watu walisema mwalimu amerukwa na akili, na kusema kweli nilikuwa upande wao.

Lakini alinifundisha kutazama. "Ukitaka kujua kama ganda la ua limeanza kuachana na lenzake, usihangaike na ganda," aliniambia. "Tafuta kivuli chini yake. Kinachogusa hakiachi kivuli katikati."

Nyumbani tuliongea Kihaya. Wazazi walipotaka bibi asielewe walihamia Kiswahili, wakisahau kwamba mimi nilikuwa darasa la sita. Jumapili moja nikiwa namenya ndizi, nilimsikia baba chumbani akimwambia mama, "Mkanda umebakiza vidole vinne." Mama akamuuliza kama ana hakika. Kwa baba yangu mkanda ungekuwa nini kama si wa kamera? Nilishangaa tu kwamba filamu nayo hupimwa kwa vidole.

Mwaka ule nilikuwa nimehamia shule ya mjini, siku za shule nikikaa kwa shangazi, Rwamishenye, kwa hiyo mikanda ya baba niliipeleka mimi studio mjini. Majuma mawili baadaye alinipa mmoja. Ijumaa nilipokwenda kuchukua picha, mwenye studio, ambaye kila mara alinitania kwamba baba ataliposa ua lile, hakunitania. Aliweka bahasha juu ya meza, akaisukuma kwa rula mpaka iliponifikia.

Niliifungua njiani. Ua limefumba. Ua limeinua ganda moja. Ua limeonyesha vidizi. Kisha tumbo la mtu. Malengelenge yalikuwa yametoka mgongoni yakazunguka ubavu kuja mbele, na kati ya ncha yao na kitovu kulikuwa na mkono wa baba, vidole vinne vimebanwa pamoja. Chini kidogo kulikuwa na kitenge cha mama cha kuku na vifaranga.

Picha iliyofuata ilikuwa na vidole vitatu. Ya mwisho, viwili.

Nikakaa chini pale pale barabarani. Mkanda wa jeshi niliujua. Jirani wa shangazi ulimpata, na watu wakanong'ona kwamba ndio mlango wa ule ugonjwa ambao kwetu ulianza kwa kuitwa Juliana, kabla haujaitwa UKIMWI. Walisema pia kwamba ukifika kitovuni mtu ndiyo basi. Baba alikuwa anaupiga picha kama alivyopiga ua, ajue kama unakua. Picha ya mwisho niliichomeka ndani ya soksi.

Kesho yake nilifika nyumbani bibi akiwa msibani. Mama alikuwa amekaa nyuma ya jiko, upande upande.

"Picha zimetoka?" akaniuliza kwa Kiswahili, lugha ambayo hakuwahi kuitumia na mimi.

"Zimetoka. Ya mwisho imeungua."

Baba alinitazama muda mrefu. Nadhani alijua.

"Basi tupige nyingine," mama akasema. "Tata wako ashike kamera kwa mikono miwili, zile zingine atakuwa amezitikisa tu. Wewe njoo uweke kidole."

Akapandisha blauzi. Nilitamani ardhi inimeze. Shuleni tulikuwa tumeambiana kwamba unaupata kwa jasho, kwa kikombe, kwa kuwagusa wagonjwa tu, na hakuna mtu mzima aliyekanusha. Nilimwogopa mama yangu. Nimetafuta namna nyingine ya kulisema hilo na sijaipata. Nilipiga magoti, nikanyoosha mkono, nikaweka kidole. Pale palienea kimoja tu.

"Usitikisike," baba akasema, akisubiri wingu lipite. Kisha akabonyeza.

Mama akashusha blauzi. "Ahsante, waitu," akaniambia, akitumia neno letu la heshima, kwa upole, kama mtu aliyepewa maji ya kunywa.

Mkanda haukufika kitovuni. Ulikauka ukaacha mabaka meusi, na kwa wiki chache tukacheka tena ndani ya nyumba ile, hata baba akarudi kwenye ua lake, ambalo sasa lilikuwa mkungu. Mama alikufa mwaka uliofuata, kwa kuhara na homa, kahawa ikiwa imechanua nyeupe kibanja kizima. Baba alimfuata.

Picha za ua zimeliwa na mchwa. Iliyobaki ni ile moja, aliyoipiga kwa mikono miwili, na ndiyo bora kuliko zote alizowahi kupiga. Kila lengelenge linaonekana, hata uzi wa kitenge unaonekana. Na chini ya kidole changu, juu ya ngozi ya mama, kuna kivuli.