Fagio Tatu Ndani ya Simu

Kabla hajavaa aproni yake ya kazi, Mama Mng'aro huvua viatu. Hupita mara moja kwa miguu mitupu kwenye ukumbi wa zahanati, kuanzia mlango wa mapokezi mpaka dirisha la dawa, akiisikiliza sakafu kwa nyayo. Palipobaki mchanga anapajua. Palipobaki sabuni ya jana anapajua. Daktari mkuu aliwahi kumwambia kwamba utaratibu huo si wa kiafya, naye akamjibu, "Daktari, wewe unapima watu kwa kidole, mimi napima kwa kisigino. Kila mtu na kipimo chake." Daktari akacheka, na mambo yakaishia hapo.

Miaka kumi na tisa amedeki ukumbi ule. Jina lake la kwenye vitambulisho analijua mhasibu tu. Wengine wote, kuanzia wagonjwa mpaka mlinzi wa getini, wanamwita Mama Mng'aro, naye hulipokea jina hilo kama mtu aliyepewa cheo. Nyumbani kwake, vyumba viwili anavyoishi peke yake tangu bintiye aende kufanya kazi ng'ambo, wageni wakiona ameshika ufagio hunyanyua miguu wenyewe bila kuambiwa. Ana mdomo, ana moyo, na ana kichwa kigumu, na ukimpenda itabidi uvichukue vyote vitatu kwa pamoja.

Yeye na karani wa mapokezi, mwenzake wa kunywa naye chai kwa miaka mingi, walinunua simu siku moja. Duka moja, aina moja, rangi moja. Ili zisichanganyike, Mama Mng'aro alibandika plasta ya kidonda nyuma ya yake. Kwa miezi kadhaa simu hizo mbili zilikuwa sawa kama mapacha. Kisha siku moja, akiwa anasoma habari zake kwa utulivu, kioo kikageuka chekundu na maandishi makubwa yakamrukia: simu yako ina uchafu asilimia themanini na saba.

Ungemwambia ana chawa asingeshtuka hivyo. Uchafu? Simu yake yeye? Alibonyeza alipoambiwa abonyeze. Kaufagio kadogo kakatokea, kakapita huku na huku, namba zikashuka mpaka sifuri, rangi nyekundu ikawa buluu, na maneno yakaandikwa SAFI KABISA. Halafu likaja tangazo la mafuta ya nywele, lakini hilo hakulijali. Alihisi raha ileile anayoihisi sakafu ikikauka bila alama ya mguu.

Robo saa baadaye kioo kilikuwa chekundu tena, kama ukumbi wa mapokezi siku ya mvua. Akafagia tena. Haukupita mwezi, simu ilikuwa na programu tatu za namna hiyo: moja ya kufagia, moja ya kuongeza kasi, na moja ya kupoza joto. Alifagia akiamka, alifagia akiwa kazini, na mtu akimkera alifagia mara mbili.

"Dada, simu yako ina wafanya usafi watatu," karani alimwambia. "Zahanati nzima inaye mmoja."

"Na ndiyo maana mimi nachoka na yenyewe haichoki."

Huo ulikuwa uongo wa mchana kweupe. Simu ilikuwa inachoka vibaya sana. Chaji iliyokuwa inafika jioni sasa ilikata saa sita mchana. Fagio zenyewe hazikuelewana: hii ikifunga kitu, ile inakifungua kukikagua, na ya tatu inaingilia kati na tangazo. Lakini kwa Mama Mng'aro, kitu kikiwa kizito maana yake ni kichafu, na dawa ya uchafu anaijua.

Sasa tuje kwa binti, maana hapo ndipo penye jambo.

Huyo ndiye mwanawe wa pekee. Ng'ambo huko anatunza wazee, ameolewa, na kila Jumapili alasiri alikuwa anampigia mama yake kwa intaneti, kupitia programu ya ujumbe, maana laini ya kawaida kutoka huko ni ghali mno, wanaongea mpaka sikio linapata moto. Likizo ya mwisho wa mwaka alikuwa amesema atakuja. Mama alishapaka rangi chumba chake na kununua shuka mpya. Halafu Jumapili ya tarehe sita, binti akasema haji tena.

"Kwa nini?"

"Nitakwambia, Mama. Siyo leo."

"Mimi ni wa kuambiwa siyo leo?"

Maneno yakapanda. Mwisho mama akasema, "Basi usinipigie mpaka uwe na la kuniambia," akakata. Alikaa kitandani, akaichukua simu na kuifagia. Programu ya tatu ilikuwa na kitufe ambacho hakuwahi kukigusa: Laza Zote. Siku hiyo alikigusa, kwa kidole cha hasira.

Jumapili iliyofuata simu haikuita. Wala iliyofuata. Watu wengine walimpigia kwa laini ya kawaida, akaongea nao na kucheka, lakini kutoka ng'ambo hakukuja hata salamu. Yeye kupiga? Hapana. Kwa alivyolelewa, na alivyolea, mdogo ndiye humtafuta mkubwa. Mama hampigii mtoto kumbembeleza. Hata ile programu ya ujumbe aliapa haifungui mpaka iite yenyewe. Asije akaonekana amechungulia. Kila jioni aliiweka simu mezani, kioo juu, akakaa kuitazama. Kazini alideki kwa nguvu mpaka wagonjwa wakamwuliza kama kuna mgeni rasmi anakuja. Alikuwa anaumia, na mtu yeyote aliyemfahamu angeliona hilo, ila hakuna aliyethubutu kumgusia.

Siku ya ishirini na mbili tangu wagombane, saa ya chai, alikuwa stoo ya usafi na karani wake, wamekaa juu ya ndoo zilizofunikwa. Mama Mng'aro alikuwa anabonyeza kaufagio kwa mara ya nne.

"Dada, leo tushindane," karani akasema. "Simu mbili, umri mmoja. Yangu sijawahi kuifagia. Tuone nani mbio."

"Utaaibika."

Waliziweka simu juu ya boksi la sabuni. Wakafungua kamera, kikokotoo, picha, kisha wakarudi kwenye kamera. Mzunguko wa kwanza simu ya karani iliongoza kidogo tu. Kwenye kurudi ndipo mambo yalipoharibika: kamera ya karani ilifunguka papo hapo, na ya Mama Mng'aro ikatoa uso mweupe, ikawaza, ikawaza tena, halafu likajitokeza tangazo: Ongeza kasi sasa!

"Imeshtuka tu," Mama Mng'aro akasema.

"Hebu nikuulize. Yule msimamizi aliyetaka kila ukimaliza chumba urudishe kila kitu stoo, ulimfanyaje?"

"Nilimwachia toroli asukume mwenyewe siku moja."

"Saa sita mchana akasema nini?"

"Aliomba msamaha." Mama Mng'aro alilitazama toroli lake pembeni: ndoo mbili, dekio, glavu, matambara, chupa za dawa, kila kimoja mahali pake. Limejaa mpaka juu, na hakuna mtu mwenye akili angeliita chafu.

"Basi simu ni hivyo hivyo," karani akasema. "Vitu ulivyotoka kuvitumia inaviweka karibu ili ikukimbilie haraka. Wewe unavitupa stoo, halafu inabidi ivifuate upya. Kila robo saa! Yenyewe ikihitaji nafasi inajua cha kuondoa. Unachoweza kufuta ni zile video za harusi ulizotumiwa mara tano tano, hizo kweli zinajaza. Na uizime na kuiwasha siku moja moja. Basi."

"Na asilimia themanini na saba?"

"Ni muuza ufagio anayekwambia nyumba yako chafu, Dada. Ulitaka aseme nini?"

Karani, asije akaonekana anamsimanga, akabadilisha mazungumzo. "Printa imeishiwa wino, ratiba ya wiki haitabandikwa ukutani. Ngoja nikutumie." Akatuma. Akangoja. Akakunja uso. "Mbona tiki moja? Mtandao unao?"

"Ninao. Habari zinafunguka hapa."

"Ujumbe hauingii. Tumekaa ndoo kwa ndoo, na hauingii. Umenibloku?"

"Mimi? Hata kubloku kwenyewe nitakujulia wapi?"

Karani aliomba simu. Akaingia kwenye ile programu ya tatu na kutelezesha kidole mpaka akafika kwenye orodha iliyoandikwa Zilizolazwa. Zilikuwa kumi na moja. Ya nne ilikuwa programu ya ujumbe, na tarehe pembeni yake.

"Hii umeilaza tangu tarehe sita. Ikilazwa hivi haipokei kitu, Dada. Haiiti, haileti ujumbe, mpaka uifungue kwa mkono wako."

Tarehe sita. Mama Mng'aro hakuhitaji kuhesabu. Aliichukua simu, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile akabonyeza alama ya programu. Simu ikanyamaza kidogo, kisha ikaanza kutetemeka mkononi mwake na haikukoma. Simu tisa ambazo hazikupokelewa. Ujumbe arobaini na moja. Karani, mwanamke asiyenyamaza hata akiwa anakunywa maji, alisimama, akatoka, na kuufunga mlango taratibu.

Mama Mng'aro alisoma kuanzia juu. Mama nisamehe kwa jana. Mama, nilitaka kuhakikisha kwanza. Mama, nina mimba, ndiyo maana siji, daktari amenikataza kusafiri. Mama, naona tiki moja, umenibloku? Nimeona haya hata kumwuliza Mama Mkubwa. Mama, leo nimesikia moyo wake unapiga, nilitaka usikie na wewe. Zilikuwemo sauti, ilikuwemo picha ya kijivu isiyoeleweka kichwa wala miguu, na Mama Mng'aro akaielewa. Ujumbe wa mwisho ulikuwa wa jana: Sawa Mama. Nimeelewa. Sitakusumbua tena.

Akalia pale stoo, kati ya sabuni na matambara, bila aibu, kilio cha mtu mzima. Kisha akajifuta uso kwa aproni na kufikiri atakachosema. Kujitetea kulikuwa rahisi mno. Programu ipo, orodha ipo, tarehe ipo, na shahidi amesimama nje ya mlango. Si mimi, mwanangu, ni hizi fagio. Angeyasema hayo, na yangekuwa kweli, na binti angeamini, na yule mama asiyempigia mtoto kwanza angebaki amesimama palepale na heshima yake yote.

Akapiga. Haikuita hata mara mbili.

"Mama?" Sauti ilikuwa ndogo, kama ya mtu anayehofia kukatiwa. "Mama, ulinibloku kweli?"

"Simu ilikuwa imelala," Mama Mng'aro akasema. "Siku zote hizi, hakuna kilichoingia. Nitakueleza." Akaikaza simu sikioni. "Lakini mimi nilikuwa macho, mwanangu. Kila jioni nimekaa na simu mbele yangu, nakuwaza, na sikupiga. Hilo si la simu. Ni langu. Nisamehe."

Hakuwahi kumwomba mtoto msamaha maishani mwake, na hakujua kinachofuata ni nini. Upande wa pili akasikia pua inavutwa, kisha kicheko kilichochanganyika na kilio.

"Shikamoo, Mama," binti akasema.

"Marahaba, mama yangu," akajibu.