Nesi Waliyemwita Pilato

Kabla hajaitwa Pilato, tulimwita Redio. Nesi Mectilda akianza kufoka leba, hata mtu anayepalilia maharage ng'ambo ya korongo alijua nani anajifungua. Serikali ilimleta huku milimani Mbulu kutoka Rombo, mwanamke mwembamba mwenye mikono hodari. Mikono ile ilikuwa ya malaika. Mdomo sijui aliutoa wapi.

"Siku ile mbona hukulia?" ndivyo alivyowauliza wanawake waliokuwa kwenye uchungu. "Leo ndiyo unataka dunia nzima ijue?"

Nami nilicheka. Mimi ni Gaudensia, au Mama Kelvin kama wanavyoniita, mhudumu wa zahanati yetu ya kijiji. Nafagia, nachota maji, nachemsha vifaa, mwaka wa kumi na tisa sasa. Nesi akitania, mhudumu anacheka. Nilidhani ni sehemu ya kazi. Tena nina kicheko kikubwa. Hata msibani huwa kinaniponyoka, na watu wa kwetu wamekizoea.

Rogathe alikuja asubuhi moja ya Machi na mimba yake ya kwanza, akisindikizwa na mama mkwe wake, Philomena. Njia ilikuwa haijafunguka. Mectilda alikuwa amechoka, hajanywa hata chai, akamshukia yule binti. Alimwambia ni mwoga, anadeka, anawapotezea watu muda, aende zake mpaka atakapokuwa na uchungu wa kweli. Kisha akamwiga anavyolia, "Uwii, mama," huku amejishika kiuno. Aliiga vizuri sana. Nilicheka mpaka nikaweka ndoo chini.

Rogathe alifuta uso kwa kanga, akarudi kwao kwa miguu.

Baada ya siku tatu aliletwa tena, safari hii amebebwa kwenye blanketi na wanaume wanne. Mtoto alikuwa ameshafia tumboni. Mectilda alifanya kila kitu alichofundishwa, akamwokoa mama, kisha akaketi mezani kuandika taarifa. Aliandika kwamba mama alichelewa kufika kituoni.

Philomena hajui kusoma, lakini aliniuliza kilichoandikwa, nikamwambia. Hakupandisha sauti.

"Mwanangu nesi, huyu hakuchelewa," alisema. "Uchungu ulianza jana mchana. Nilimwambia twende, akang'ang'ania mlango. Alisema ni heri afie ndani kuliko kuja kwako."

Taarifa ilikuwa imeshapigwa muhuri, na huko juu wilayani hakuna aliyemuuliza Mectilda kitu. Hilo ndilo lililomtafuna. Mtu akiadhibiwa anaweza kununa, akasema ameonewa. Yeye hakupata hata nafasi hiyo.

Wiki ileile alinunua beseni la bluu, akaliweka nje ya mlango wa leba.

"Mama Kelvin," akaniambia, "kila nikisikia hasira inapanda nitatoka, ninawe mikono kwanza, ndipo niseme. Ukiona nimesahau, nikumbushe."

Nilicheka. Nilidhani ndani ya mwezi mmoja beseni lile litakuwa la kufulia.

Mwanzoni alinawa hata mara thelathini kwa siku, na maji nabeba mimi kutoka bomba la shuleni, kilima chote kile. Nilimlaani kimoyomoyo. Baridi ya Juni ilipofika, vidole vyake vilipasuka kwa sabuni, akawa anavipaka vaselini na kuendelea. Wanawake waliona kunawa kule, na kwa kuwa kila Jumapili tunahubiriwa, jina lilipatikana upesi. "Ameua, sasa ananawa," walisema. "Pilato." Walilisema kwenye foleni ya kliniki huku anawasikia. Alitoka, akanawa.

Kuanguka alianguka. Agosti alimfokea mama mmoja aliyesahau kadi ya mtoto, akamwita ng'ombe. Yule mama alikuwa ameshafika barabarani Mectilda alipomkimbilia na ndala zake, akamwomba radhi mbele ya vijana wa bodaboda. Vijana waliliigiza tukio lile wiki nzima. Mimi pia nililiigiza, nyumbani kwangu, na wanangu wakacheka.

Kwa Rogathe hakuweza kwenda mara moja. Sisi ni Wakristo wa miaka mingi, lakini Philomena anashika miiko ya wazee: aliyefiwa na mtoto mchanga hatembelei watu, wala watu hawaingii kwake, mpaka muda wake uishe. Mectilda alisubiri miezi yote ile. Mwiko ulipoondolewa alikwenda, akapiga magoti uani, akasema, "Nilikosa mimi. Wewe hukuchelewa." Rogathe alimsikiliza mpaka mwisho, akamkaribisha maziwa. Hakusema amesamehe, wala hakusema hajasamehe.

Miaka miwili ikapita. Naapa mbele ya Mungu, yule mwanamke alibadilika. Sauti ilishuka. Aliwasugua wajawazito migongo, akawaita kwa majina yao. Lakini wenyewe waliendelea kupita mbele ya lango letu na matumbo yao, juu ya bodaboda, wakielekea hospitali ya mjini. Mwaka mzima walizaliwa kwetu watoto tisa. Zamani tisa walikuwa wa mwezi mmoja.

Rogathe alipopata mimba tena, Mectilda hakunificha anachokitaka. "Huyu akija kujifungulia hapa," aliniambia, "nitajua nimepona." Rogathe alihudhuria kliniki bila kukosa, shikamoo nesi, ahsante nesi. Mimba ilipoingia mwezi wa tisa, Mectilda alifua mashuka ya leba kwa mikono yake mwenyewe.

Siku yenyewe, saa nne asubuhi, tulisikia pikipiki. Mectilda alikimbilia langoni. Rogathe alikuwa katikati, Philomena amemshika kwa nyuma. Nesi akainua mkono. Rogathe alimwona, najua alimwona, kwa sababu alifumba macho. Pikipiki ikapita.

Mectilda alirudi, akaketi kwenye ngazi, akalia kwa sauti, yeye aliyewakataza wenzake kulia. Siku ile sikucheka.

Baada ya wiki sita Rogathe alikuja kwenye chanjo na binti mnene, mzima kabisa. Mectilda alimdunga mtoto, akambembeleza mpaka akanyamaza, kisha akashindwa kujizuia.

"Mdogo wangu, kwa nini ulinipita?"

"Nilipanga kuja hapa, nesi," Rogathe akasema. "Hata mama nilishamwambia. Umebadilika, kila mtu anajua. Lakini uchungu uliponishika nikakisikia tena."

"Ulisikia nini? Nilivyokufokea?"

"Hapana. Wewe ulikuja uani kwetu, yako yalikwisha." Akanigeukia. Nilikuwa nimesimama mlangoni na ndoo yangu. "Nilisikia kicheko. Nisamehe, Mama Kelvin, wewe ni mkubwa wangu. Lakini kila mwezi nikija kliniki nakusikia unacheka vilevile. Siwezi kuzaa mahali unapocheka wewe."

Miaka miwili nilikuwa nimemhesabia Mectilda makosa yake, na hata maji yake. Nilijiona shahidi tu. Nilitua ndoo nimwombe radhi yule mtoto wa watu, nikafungua mdomo, na Mungu ananiona, kilichotoka ni kicheko. Kikubwa, kilekile. Kichanga alishtuka, akaanza kulia upya. Rogathe alimfunika mwanawe kwa kanga, akatuaga kwa adabu, akaondoka.

Mectilda hakunifokea. Niliona mishipa ya shingo imemsimama. Alitoka nje, akanawa, akakaa kule muda mrefu. Kisha nikasikia anamwaga maji yale na kujaza mengine.

"Mama Kelvin," akaita. "Njoo."

Huu ni mwezi wa nne tangu siku ile. Wanawake wanasema Pilato amepata mwenzake. Nikisikia kicheko kinapanda, natoka nanawa. Jana kilinitoka kabla sijafika mlangoni, na aliyekuwa kitandani alikisikia. Kwa Rogathe sijaenda bado. Naogopa nitacheka.